Mzigo wa Mgeni

Mishamo,
9 Machi 1997

Kwa mke wangu Libérate, uliyeko Tabora kwa mapumziko marefu,

Amahoro. Mumeo nakusalimu kutoka nyumba ile ile uliyoondoka bila kuaga. Mimi ni mzima, mdogo wangu Providence mzima, na jogoo wako mzima kuliko sisi wote. Tangu uondoke amejifanya mwenye mji, anaingia ndani wakati wa kula na hafukuziki. Mahindi yamebeba. Nyani wamechukua fungu lao mapema, yaliyobaki yatatutosha. Muhogo wa kule bondeni umeoza kidogo kwa maji. Binti wa Sixte anakusalimu, anauliza kama mke mkubwa ataruhusu aletewe msaidizi.

Na wewe afande unayefungua barua hii kabla yake, shikamoo. Usishangae kijana kumwita bikizee mke wake. Ni bibi mzaa baba, ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu, na kwetu bibi ni mke wa mjukuu mpaka mjukuu apate wa kwake. Mimi bado sijapata.

Sasa nifike kwenye neno. Tangu Januari hakimu aliposema miaka thelathini sijakuandikia, maana kila nikishika kalamu najikuta napiga hesabu. Una miaka sitini na moja. Hiyo hesabu siipendi.

Wakili Bi Dorice, yule anayesaidia wafungwa bure, ametuma ujumbe kupitia parokiani. Anasema rufaa yako imeshapokelewa, lakini inataka maneno ya kusimama nayo, na wewe huna hata moja. Mahakamani ulisema tu mfuko ni wako. Watu waliokuwa kwenye geti la makazi yetu ya wakimbizi wanasimulia hivyo hivyo: ulikuja na mfuko wa maharage kichwani, askari wakauliza ni wa nani, ukasema wako, wakaumwaga, na chini ya maharage wakakuta bangi. Mke wangu, wewe na bangi wapi na wapi? Wewe hata ugoro ulikushinda, ulipiga chafya mpaka majirani wakaja kukupa pole.

Mimi nilikuwa Mpanda na baiskeli, nauza maharage yetu. Providence anasema alikuwa mtoni, hakuona kitu. Basi niambie mwenyewe. Ule mfuko ulikuwa wa nani?

Mumeo anayepika mwenyewe,
Gratien


Tabora,
20 Aprili 1997

Kwa mume wangu Gratien,

Barua yako imefika, imepita mikono mitatu kabla ya wangu lakini haijapungua. Nakusalimu wewe na Providence na huyo jogoo. Mwambieni nikirudi namla.

Mimi ni mzima. Miguu inavimba jioni kama ilivyokuwa ikivimba nyumbani, kwa hiyo hilo si kosa la serikali. Tunalala chini kwenye mikeka, tunaamka mapema, tunalima bustani ya mchicha. Chakula ni ugali na maharage. Kila siku maharage, mume wangu. Mungu naye ana utani wake.

Nimepata rafiki, anaitwa Esteria, mtu wa kule ziwani, Karema. Yeye alipika ugali. Wanaume walikuja kupakia mtumbwi wao, wakamwomba awapikie, akapika, wakala, wakashukuru. Mtumbwi ulikuwa na bangi chini ya dagaa. Wanaume waliruka majini, mpishi akabaki na sufuria. Amepewa miaka ishirini. Nimemwambia ugali wake lazima ulikuwa mbichi. Alicheka mpaka afande akaja kuuliza kuna nini, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka.

Unaniuliza mfuko ulikuwa wa nani. Nimeelewa. Ni wivu. Umesikia mkeo ameonekana barabarani na mzigo, sasa roho inakuwasha kujua ni mwanaume gani. Gratien, mwanamke wa umri wangu akipata mtu wa kumbebea mzigo unatakiwa umpongeze. Mfuko ni wangu. Nilishawaambia polisi, nikamwambia hakimu, sasa nakwambia wewe, na afande ni shahidi wangu maana amesoma.

Niambie habari za maana. Harusi ya Providence na Evodi imefika wapi? Mlisema baada ya mavuno. Mahari imekwisha kuzungumzwa, kilichobaki ni siku tu. Huyo mtoto akiolewa na raia wa nchi, mwenye nyumba ya bati pale Kawajense, watoto wake hawataomba kibali kwa mtu ili watoke kijijini. Sisi tumeomba vibali tangu tukimbilie nchi hii mwaka sabini na mbili. Nikiwaza hilo nalala usingizi. Niandikie kila kitu, hata rangi ya kitambaa.

Kuhusu binti wa Sixte, sijakataa. Anajua kupalilia, au anajua kucheka tu?

Mkeo mkubwa,
Libérate


Mishamo,
1 Juni 1997

Kwa mke wangu mwenye siri,

Pokea salamu zetu. Mavuno yameisha. Tumepata magunia ya kututosha na ya kuuza machache. Jogoo ameugua jicho, tumemkanda kwa maji ya chumvi, amepona na amekuwa mkorofi zaidi. Baiskeli imepata tairi jipya la nyuma. Binti wa Sixte anajua kupalilia, ila anaimba akipalilia, na anaimba vibaya. Mvua zimekatika, vumbi limeanza. Padri amehamishwa.

Kumchimba mtu siri ni kazi ngumu kuliko shamba la muhogo, lakini nitajaribu tena. Unasema mfuko ni wako. Mimi nimekaa na wewe miaka yote, nakujua. Mgeni hajawahi kutoka nyumbani kwako amebeba mzigo wake mwenyewe. Ukimwona ameinama kuokota kikapu unakuwa kama umetukanwa. Yule muuza sufuria, uliyegombana naye asubuhi nzima na hukununua hata kifuniko, si ulimtwisha mizigo yake kichwani kwako mpaka barabarani? Alirudi wiki iliyofuata kwa sababu hiyo tu, akijua kuna punda wa bure.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Siku ile ulikuwa na mgeni. Alipoaga ukamsindikiza, ukambebea mfuko, na pale getini ukasema ni wako ili asisumbuliwe. Mimi nakuona kabisa ukisema, na kile kidevu chako juu. Bi Dorice anasema kama ndivyo, iseme. Jaji anaweza kuelewa kwamba mtu amebeba kwa heshima na hakujua kilichomo. Lakini lazima mgeni awe na jina. Mgeni asiye na jina mahakamani ni hadithi ya kutungwa.

Nitajie tu. Nikimkuta nitamsalimu vizuri, naahidi, kisha nitampeleka polisi kwa shingo.

Sina mengine.

Mumeo mwenye wivu,
Gratien


Tabora,
13 Julai 1997

Kwa mume wangu mwenye maneno mengi,

Salamu. Miguu ni ile ile. Tumevuna mchicha, umeliwa na wengine. Esteria anakusalimu, amesikia habari zako na anasema ukipata mke mwingine wa ziada yeye yupo, ana miaka kumi na nane tu ya kusubiri.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimekuta jogoo, jicho la jogoo, tairi, padri, nyimbo za binti wa Sixte. Nimetafuta harusi, sikuiona. Nikamwomba Esteria atafute, macho yake ni mazuri, naye hakuiona. Nilikuuliza wazi na wewe umenijibu habari za vumbi. Mume akianza kumweleza mke habari za vumbi ujue kuna jambo.

Bi Dorice alikuja. Mwanamke mdogo, mwembamba, viatu vyake vina matope kama vya mtu anayefanya kazi kweli. Nilimpenda. Aliniuliza kama wewe, na nikamjibu kama nilivyokujibu wewe, ila yeye sikumwita mwenye wivu. Alinieleza sheria hii mpya ilivyo. Haitofautishi sana aliyelima, aliyeuza, aliyebeba na aliyetunza usiku mmoja. Ukiugusa umo. Nilimuuliza mara mbili, aliyeugusa tu naye? Akasema hata huyo, akipata hakimu mkali. Basi nikamshukuru na kumsindikiza mpaka nilipoishia kuruhusiwa, na mkoba wake alibeba mwenyewe. Nilijisikia vibaya.

Unasema unanijua. Unajua nusu. Acha kuchimba hapo, Gratien. Sikuombi kwa utani.

Sasa harusi. Wakwe wakija, msiwape maharage. Chinjeni kitu. Pombe ya ndizi mkamue mapema ikae siku zake. Providence asicheke ovyo mbele ya mzee Lyamba, baba mkwe hachekewi. Na yule mzee ana mgongo, mpeni kiti chenye egemeo.

Nijibu hilo.

Mkeo,
Libérate


Mishamo,
5 Oktoba 1997

Kwa Nyogokuru, bibi yangu,

Leo sikuiti mke kwa sababu nina neno la kukueleza na nimeona haya kulieleza kwa mzaha. Nimechelewa miezi miwili. Karatasi niliyoanza nayo Agosti niliichana.

Sisi ni wazima wa mwili. Providence amekonda.

Harusi haipo. Haipo tangu Aprili, hata barua yako ya kwanza ilikuta imeshakufa, nami nikakuandikia mambo ya jogoo. Mzee Lyamba alikuja mwenyewe na wazee wawili kutoka Kawajense. Tulimpa kile kiti chenye egemeo. Alikunywa pombe yetu, akasifia ilivyoiva. Kisha akasema kwa heshima nyingi kwamba anatupenda, lakini ukoo wake haujawahi kuwa na mfungwa, na kumwoza mtoto wake kwenye nyumba iliyoingia bangi ni jambo ambalo watu watamcheka. Alisema "nyie ni watu wazuri, ila bibi yenu amewaharibia." Evodi hakuja. Nasikia ameshachumbiwa msichana wa Usevya.

Providence alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote. Nilitegemea atalia, hakulia. Alitoka akaenda kuteka maji, na tulikuwa na maji.

Na mimi, Nyogokuru, nilipoona mzee anasimama, nilisimama naye. Nilimbebea mwavuli wake na kikapu chake mpaka barabarani kama ulivyonilea. Nimejichukia kwa hilo tangu siku ile. Njiani alinisifu kwamba nina adabu.

Nimekueleza kwa sababu naona unailinda harusi. Nimewaza sana, nikaona kama kuna jina unalolificha, labda unalificha ili mtoto aolewe. Basi haolewi. Hakuna kitu cha kulinda. Sema sasa. Rufaa imepangiwa Februari.

Mjukuu wako,
Gratien


Tabora,
16 Novemba 1997

Gratien,

Barua hii haipiti kwa afande. Anaibeba Sista Imakulata anayekuja kutuombea Jumapili, ameiweka kwenye kitabu chake cha nyimbo na amesema atakwenda kuungama baadaye. Isome ukiwa peke yako, kisha iende jikoni.

Nimelia kwa ajili ya Providence. Kisha nimekasirika, nimekasirika kiasi kwamba Esteria alikaa mbali nami siku nzima. Alikunywa pombe yangu, nyumbani kwangu, kwenye kiti kile kile nilichomtakia.

Mfuko ulikuwa wa Lyamba.

Alikuwa ametoka vijiji vya ndani kununua maharage, akapita kusalimia wakwe. Tulimpikia, akala, akaaga kwenda kudandia lori. Mimi nimtazame mkwe wangu akijitwika mfuko mlangoni pangu? Nilisuka kata ya majani ya migomba, nikautia kichwani. Ulikuwa mwepesi kuliko maharage yanavyokuwa. Nililiona hilo. Lakini mzigo wa mgeni haupimwi wala haufunguliwi, nikanyamaza, nikajisemea labda ni makavu sana.

Pale getini askari waliuliza ni wa nani. Nikajua watamsumbua mzee kwa kutoa mazao bila kibali, na mkwe hapekuliwi mbele ya macho yako. Mimi wananijua, ni bikizee wa pale pale, nikasema ni wangu. Wakaumwaga. Nilipogeuka, Lyamba alikuwa ameshakaa juu ya lori, anatazama mbele. Mgongo wake haukumuuma kupanda.

Unafikiri nilinyamaza kwa ajili ya harusi. Ni kweli kidogo, na nimeaibika kwa hicho kidogo. Lakini sikiliza vizuri. Asubuhi ile Lyamba alipofika, nani alimpokea barabarani? Mke mtarajiwa humpokea baba mkwe mzigo, ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe. Providence alikimbia akampokea mfuko, akautia kichwani, akaupitisha mbele ya watu, akauweka ndani chini ya kitanda changu. Alikuwa na furaha. Watu walimwona, ila hakuna aliyejua kilichomo, wakasahau.

Mimi niliubeba kuutoa, yeye aliubeba kuuingiza. Nikisema mgeni, wataniuliza mgeni yupi. Nikisema Lyamba, atakana, na wataniuliza nani alimwona akija na mfuko. Hapo hakuna mwingine, ni Providence. Na akisema kweli atakuwa amesema kwamba naye aliubeba na kuutunza. Kwa Esteria walichukua mpishi. Unadhani watamwacha aliyepokea? Ana miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo mfuko ni wangu. Usimwambie kwamba nimekwambia. Usimwulize. Bi Dorice aseme atakavyo kuhusu umri wangu na miguu yangu, mimi sina neno.

Choma hii.

Bibi yako


Mishamo,
18 Januari 1998

Kwa mke wangu,

Naandika haraka. Sista amekwama Mpanda, mvua hizi zimeondoa tuta la reli na treni haijaja tangu Krismasi. Nitaendesha baiskeli nimpelekee hii kabla njia haijafunguliwa, ili ikupate mkononi na si kwa afande. Na yeye namsalimu lakini.

Nyumba imevuja upande wa jikoni. Mahindi yamesimama ndani ya maji. Jogoo ni mzima.

Niliichoma barua yako kama ulivyosema, ila niliisoma sana kwanza. Sikumwambia Providence. Hakukuwa na haja. Nilimtajia tu kwamba rufaa ni katikati ya Februari na kwamba Bi Dorice hana shahidi. Akaendelea kupepeta mchele. Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Kaka, mimi ndiye niliyempokea yule mzee mfuko barabarani. Sikuwa mtoni." Akasema alinyamaza mwanzoni kwa sababu ya Evodi, baadaye kwa sababu ya hofu, na kwamba hofu imemchosha.

Nilimweleza yote uliyoniambia kuhusu sheria. Nilimwambia kuhusu Esteria. Nilimkataza kwa upole, nikamkataza kwa ukali. Alinisikiliza mpaka mwisho, unamjua anavyosikiliza. Halafu akasema, "Bibi alisema mfuko ni wake. Mimi sitasema ni wangu. Nitasema ni wa mgeni na nilimwona." Nikamwambia hawatamsikia hivyo. Akasema basi watamsikia vibaya.

Ameondoka juzi. Amepata kibali cha kwenda kutibiwa macho, na ameondoka na lori la mbao kupitia Inyonga. Ana anwani ya Bi Dorice. Nilimfuata mpaka barabarani nikimsihi. Kibegi chake alikataa nisimbebee.

Wiki iliyopita nilimwona Lyamba sokoni Mpanda. Aliniuliza hali yako kwa sauti ya huruma. Maneno yalinijaa mdomoni mpaka meno yakaniuma. Nikamwambia hujambo.

Mke wangu, sijui nikuombee nini. Nikiomba akubaliwe, naogopa. Nikiomba asikubaliwe, ni wewe unabaki. Naomba barua hii iwahi tu, wewe utajua la kufanya.

Mumeo,
Gratien


Tabora,
1 Machi 1998

Kwa mume wangu Gratien,

Nakusalimu sana. Hii inapita njia yake ya kawaida, kwa hiyo afande, shikamoo na wewe, tumezoeana sasa. Miguu inavimba. Mvua imeondoka na mchicha wetu wote. Esteria amepunguziwa mwaka mmoja kwa tabia njema, anajiona msichana.

Salamu zako alizokuja nazo Sista zimenifikia jana. Sista mwenyewe amefika akiwa na malaria na viatu vya kuazima, maskini, nimemwambia alale. Zingetangulia mbele ya kesi mambo yangekuwa mepesi kwa mtu fulani, asingehangaika kuja mpaka mahakamani. Lakini reli ni ya serikali na mvua ni ya Mungu.

Nikueleze kesi ilivyokwenda. Walinipeleka nimevaa sare safi. Jaji ni mtu mzima, ana sauti ya chini. Bi Dorice alikuwa amejiandaa vizuri, alisema mimi ni mwanamke wa heshima niliyebeba mzigo wa mgeni kwa desturi, sikujua kilichomo. Nilimwonea huruma, alivyosema vizuri. Jaji akauliza kama yupo mtu yeyote aliyemwona huyo mgeni. Bi Dorice akageuka nyuma, na nyuma kabisa mtu akasimama. Alivaa gauni lile la kijani la siku ya kuposwa. Amekua, Gratien. Hukuniandikia kwamba amekua.

Nikasimama mimi. Mfungwa hasimami bila kuruhusiwa, askari alinishika bega, lakini nilishaanza kusema. Nilisema, mheshimiwa, hakukuwa na mgeni. Wakili wangu ana moyo mzuri, amenitungia mgeni ili nipone. Mfuko ni wangu. Niliujaza mwenyewe, nikaufunga mwenyewe, nikaubeba mwenyewe. Yule binti ni mjukuu wangu, hayuko sawa kichwani tangu mchumba amwache, akisikia neno mgeni anasimama popote. Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, mpaka nikaogopa kwamba anaelewa. Kisha akamwambia kwa upole, binti, kaa chini.

Akabaki amesimama. Nilimtazama kwa lile jicho langu mnalolijua nyie wawili. Akakaa.

Rufaa imetupwa. Jaji alisema umri wangu anauona, ila kwa mtu anayekiri mwenyewe mzigo sheria hii haikumwachia pa kupunguzia. Alilisema kama mtu ambaye hakulipenda. Nje Bi Dorice aliniuliza, "Bibi, kwa nini?" Nikamwuliza kama ana watoto. Akakunja makaratasi yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

Waliniruhusu kuonana na Providence dakika chache, askari katikati. Alikuja na hasira, ananiambia nimemwita kichaa mbele ya Mahakama Kuu. Nikamwambia kichaa mmoja kwenye ukoo anapendeza, anaogopwa na mashemeji. Alijizuia asicheke akashindwa, akacheka na kulia pamoja, akanishika mkono kupita kwenye mkono wa askari, na yule askari akajifanya anaangalia dirisha. Alisema, "Nyogokuru, ningeweza." Nikamwambia najua. Kuwa angeweza ndiko kulikonitisha.

Sasa nisikilize. Mimi niko sawa. Si uongo wa barua. Usiku nalala, kwa sababu najua nyote wawili mmelala kwenu. Nina uchungu, huo upo, na nawakosa mpaka kwenye mifupa, siwezi kusema haupo. Lakini naweza kuubeba, nilishabeba vizito zaidi na njia ndefu zaidi kuliko hii.

Muoe binti wa Sixte. Kuimba kwake vibaya utazoea, babu yako alizoea kwangu.

Providence atarudi kwenu wiki ijayo kama njia itapitika. Usimgombeze. Mpikie kitu kisicho maharage. Na akisema anataka kuja tena Tabora kunisalimia, mwache aje, ila mwambie aje mikono mitupu. Asiniletee unga wala sabuni wala salamu ya jirani iliyofungwa kwenye kitambaa. Mtu akimwomba njiani amshikie kitu hata kwa kufumba na kufumbua, akatae, hata akionekana hana adabu. Nilimfundisha vingine, na nilimfundisha vizuri mno. Mwambie bibi yake ndiye amesema akatae.

Mkeo,
Libérate